Humu Nyekundu Ni Hasi

Wifi yangu alikuwa na karakana katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake, chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Juu ya mlango alitundika ubao aliouandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: KILICHOTOLEWA NI CHAKO, ONDOKA NACHO. Mteja aliyeleta redio, pasi au televisheni, akirudi kuichukua, alikabidhiwa vitu viwili. Cha kwanza ni chombo chake, kizima. Cha pili ni kifuko cha plastiki kilichopigwa fundo, na ndani yake kila kilichotolewa kwa sababu kimekufa: kapasita iliyovimba, fyuzi iliyoungua, swichi iliyolegea, hata parafujo iliyoliwa na kutu. Aliyeona uvivu kuubeba uchafu huo aliitwa arudi.

"Fungua uhesabu," alimwambia. "Usije kesho ukasema nimekula maini ya redio yako."

Sote tunaijua hofu ya mtu anayeacha chombo chake kwa fundi. Huogopa kwamba kizuri kitatolewa na kibovu kitawekwa, naye hatajua kwa sababu hajui kilichokuwamo. Wifi yangu alijenga maisha yake yote juu ya kuiondoa hofu hiyo. Ndiyo maana mtaani walimwita Bi Vifuko. Mimi sikulipenda jina hilo, maana binti wa ukoo ule alikuwa na jina lake zuri alilopewa na baba yake. Yeye alilipenda kiasi cha kupokea simu kwalo.

Siku tuliyomzika, msemaji alisema kwamba alikuwa fundi, hakuolewa, na alipenda watu. Yote hayo ni kweli na hayatoshi. Lakini nyuma ya viti nilisikia sauti ya chini ikisema jambo jingine: kwamba huyu ndiye yule aliyeunguza kompyuta ya marehemu kaka yake kwa kutojua chanya na hasi. Hilo nalo ni kweli kwa kipimo cha mtu aliyechungulia dirishani. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba, na nitalieleza.

Mume wangu alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu wa hesabu. Wenzake waliporudi kutoka masomoni ng'ambo walishuka na suti na majokofu. Yeye alishuka na kompyuta ya nyumbani, nyeusi, nyembamba kama atlasi, yenye vitufe vya mpira vya kijivu. Haikuwa na kioo chake. Iliunganishwa na televisheni. Programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, na zilipokuwa zikisomwa redio ya kaseti ilipiga mayowe mpaka majirani wakauliza tunamchinja nani. Mama mkwe wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mwanawe amesoma miaka yote ile akarudi na taipu isiyo na karatasi.

Wifi alikuwa ametoka shule wakati huo, na uwezo wa kumsomesha zaidi haukuwepo. Kaka yake akasema basi yeye ndiye atakuwa chuo chake. Walikaa mbele ya mashine ile kila jioni, vichwa vimegusana. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba, nimeolewa juzi, na nilijikuta nimeolewa na watatu: mume, wifi na mashine. Nilipolalamika kidogo, wifi alinijibu kwa utani wake. "Vumilia, wifi. Kaka anajifunza kutoa amri kwa kitu kisichonuna, ndipo ahamie kwako."

Siku moja tundu la kuingizia umeme lilivunjika. Walilibadilisha wenyewe, lakini kwenye droo kulikuwa na vipande viwili tu vya waya, cheusi kirefu na chekundu kifupi. Kila fundi anajua kwamba nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi; ni kama taa za barabarani, hakuna anayeuliza. Ila humo ndani upande wa chanya ulikuwa mbali, na waya nyekundu haikufika. Mume wangu akaziunga kinyume: nyekundu kwenye hasi, nyeusi kwenye chanya. Umeme hausomi rangi. Mashine ikawaka kama kawaida.

"Humu nyekundu ni hasi," alimwambia dada yake, nami nasikia kutoka mlangoni. "Tuko wawili tunaojua. Kumbuka tu."

Kwa mashine hiyo alifundisha darasa la kwanza la kompyuta katika shule yake. Aliibeba kwenye begi la nguo, na televisheni ikaja nyuma yake kwa mkokoteni. Miaka ilipopita, kompyuta za kisasa zikafika, na ile ya kwanza ikalala kabatini. Mume wangu akastaafu, akaugua, akatutoka.

Haikupita muda mrefu mkuu wa shule akaja nyumbani kwangu. Walikuwa wamejenga chumba kipya cha kompyuta na walitaka kukipa jina la mume wangu. Akaniomba ile mashine ya kwanza ikae mlangoni, ikiwa hai, ili wanafunzi waiguse. Nilisema ndiyo kuhusu jina, na kuhusu mashine nikasema nitafikiri. Niliona ni heri ikae kwenye kabati la kioo sebuleni kwangu, imefutwa vumbi, nzima kama alivyoiacha. Wifi aliposikia alicheka.

"Kaka yangu hakuwa sahani ya wageni, wifi, mpaka akae kabatini."

Akaichukua. Alipoifungua alinieleza kilichokuwa kimekufa. Utando chini ya vitufe ulikuwa umekauka na kupasuka. Kapasita zilikuwa zimevuja. Kile kipande kinachopunguza umeme kilikuwa kinapata moto kupita kiasi na kingekuja kuichoma mashine yote. Picha ilitoka kwa njia ambayo televisheni za leo haziielewi. Kaseti zilikuwa na ukungu. Angeweka utando mpya, kapasita mpya, kipande cha umeme cha kisasa kisichopata moto, tundu jipya la picha, na mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ambayo ingebeba kazi zote za kaka yake.

Nilimuuliza, ukishatoa vyote hivyo, itabaki mashine ya nani?

"Wewe nawe una meno ya kuweka na miwani ya dukani," alisema bila kuinua macho. "Mbona hatujakurudisha kwenu?"

Kwanza aliokoa kaseti. Alizifuta ukungu utepe kwa utepe, akazicheza polepole huku kompyuta yake ya mezani ikizisikiliza na kuziandika upya. Nilikuwa nikipita nasikia mayowe yale ya zamani kutoka chumba cha mbele, nasimama ukumbini mpaka yaishe. Nyingine hazikuokoka. Ile ya somo la kwanza iliokoka, ile ambayo mume wangu aliiandika ili mashine iwasalimie wanafunzi kabla ya kuwauliza hesabu.

Kisha ikaja siku ya kufunga kile kipande kipya cha umeme. Ilikuwa mchana, nimempelekea chai. Nilipoingia nilikutana na harufu kali, kama ya mpini wa plastiki wa sufuria iliyoachwa motoni. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Pasi ya kuchomelea waya kwa risasi ilikuwa mahali pake, imezimwa. Miwani ilikuwa mezani.

"Nimeiua," alisema.

Alikuwa ameunga kipande kipya kwa kufuata rangi, kama alivyofanya kwa maelfu ya vyombo vya watu wengine. Nyekundu chanya, nyeusi hasi. Mkono ulifanya unachokijua. Umeme uliingia kinyume na kuipiga chipu kuu, ile inayochora picha na kuongoza vingine vyote, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ya aina ile peke yake, na kiwanda chake kilishafungwa.

Nilimwambia ni bahati mbaya. Alitikisa kichwa.

"Aliniachia jambo moja tu la kukumbuka," alisema. "Moja."

Chai ikapoa pale.

Siku hizi wako watu ulimwenguni wanaozipenda mashine hizo za zamani kiasi cha kuzitengenezea viungo. Mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi mbali, alitafuta akapata kibao kidogo cha saketi kinachoingia palepale ilipokaa chipu ile na kufanya kazi yake. Kilipofika, wifi alikifunga, akapima kwa mita kila mahali, akapima tena. Kisha akawasha. Kwenye televisheni mpya, kwa herufi safi kuliko zilivyokuwa enzi zake, yakatokea maneno ya mume wangu: HABARI ZA ASUBUHI, DARASA. Nilivuta kiti nikakaa.

Kilichobaki ni kukabidhi. Alifunga kifuko cha vilivyotolewa: utando, kapasita, kipande cha umeme cha zamani, parafujo mbili. Chipu iliyoungua hakuiweka. Aliitia kwenye kiberiti kitupu na kiberiti akakitia mfukoni mwa aproni. Nilimuona. Nilimwambia afanye hivyo hivyo. Shule iliomba mashine, haikuomba cheti cha kifo. Katika maisha yake ya ufundi kilikuwa kifuko cha kwanza kutoka mikononi mwake kikiwa pungufu.

Mwalimu wa kompyuta wa shule ile ni mtu makini, na umakini wake ndio uliotuletea msiba. Alipopokea mashine aliifungua ajue namna ya kuitunza. Aliona kibao kigeni mahali pa chipu kuu. Alikuwa amesoma kwamba chipu hizo zinatafutwa na wakusanyaji, na kwamba wako wanaozing'oa na kuziuza. Akafungua kifuko, akakosa alichokitafuta. Akampigia wifi simu kumuuliza kwa adabu zote chipu ya zamani iko wapi. Wifi alinyamaza, kisha akasema atamjibu.

Kunyamaza huko kulitosha. Sidhani mwalimu alikusudia ubaya; alimweleza mwenzake katika ofisi ya walimu, mwenzake akamweleza mwingine. Neno lilipofika sokoni lilikuwa limenenepa: Bi Vifuko ameuza moyo wa mashine ya kaka yake marehemu na kubandika takataka. Mama mmoja alikuja kuchukua televisheni yake kabla haijaguswa. Fundi wa simu wa jirani alimuuliza kwa sauti, ili walio barabarani wasikie, kama siku hizi anauza jumla au rejareja. Wateja waliokuwa wakicheka wanapoambiwa wafungue wahesabu, sasa walihesabu kweli, kimya, wakiinua kila kipande kwenye mwanga. Wifi aliwatazama wakihesabu.

Ukoo ule haujawahi kuitwa wa wezi. Nilivaa gauni langu la mikutano, nikachukua mkoba, nikaamua kwenda kwa mkuu wa shule. Nimekuwa mkaguzi wa shule. Najua namna ya kukaa mbele ya meza ya mkuu. Wifi alinikuta getini.

"Unakwenda kusema nini?"

"Ukweli. Kwamba chipu iliungua, na iliungua kwa sababu mume wangu aliunga waya kinyume, wewe ukafuata rangi kama fundi yeyote angefanya. Huna kosa."

"Ninalo. Niliambiwa nikumbuke."

"Wifi, wanakuita mwizi."

"Nasikia. Masikio ninayo." Akashika mkono wa mkoba wangu. "Wanaandika jina lake ukutani, shemeji zako na walimu wenzake wote wamekaa, na wewe mkewe ndiye utakayewaambia kwamba mwalimu wa hesabu aliweka chanya kwenye hasi? Wataelewa habari ya waya fupi? Watacheka, wifi. Watamcheka yeye."

Nilimwambia basi achague: achekwe kaka yake au aitwe mwizi yeye. Alisema kuna njia ya tatu na ni yake. Nikarudi ndani nikavua gauni.

Siku ya kufungua chumba ilifika. Viti vilipangwa kwenye baraza la shule, na kitambaa cha bluu kilifunika kibao cha shaba juu ya mlango. Mkuu wa shule alizungumza vizuri. Kitambaa kilivutwa, jina la mume wangu likaonekana, watu wakapiga makofi. Mashine iliwashwa, ikawasalimia kama alivyoifundisha kusalimia, na wazee wawili waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza wakajibu kwa sauti, kama zamani, kwamba habari ni nzuri mwalimu. Kisha familia ikaalikwa kusema neno. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshika karatasi yangu, lakini kabla sijainuka wifi alikuwa amesimama.

Alitembea mpaka kwenye meza yenye mashine. Akatoa kiberiti, akakiweka kando ya kifuko.

"Kwenye kifuko changu kulipungua kitu kimoja," alisema. "Hiki hapa. Sikukiuza, nimekiunguza. Niliunga umeme kinyume, hasi mahali pa chanya, kwa mkono wangu. Kilichomo sasa ni kipya na kinafanya kazi yake. Nilipaswa kuwakabidhi hiki siku ile, nikaona haya. Kilichotolewa ni chenu."

Kisha nyuma mtu akacheka puani, cheko lile la mtu anayejaribu kulizuia, na wa pili akamfuata. Fundi wa miaka yote ile, na hajui chanya na hasi. Mwalimu wa kompyuta hakucheka. Alikuja mbele, akafungua kiberiti, akaigeuza chipu ile iliyokuwa na kidonda cheusi mgongoni, akaitia ndani ya kifuko na kukifunga fundo. Kisha akamwinamia wifi kidogo, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilipopewa nafasi sikusoma karatasi yangu. Nilishukuru, nikakaa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwizi tena. Lakini vijana wa sokoni walimbadilishia jina. Bi Vifuko akawa Bi Kinyume. Wateja wa televisheni wakapungua, wakabaki wa pasi na redio ndogo, watu ambao hawakuwa na cha kupoteza au waliokuwa wakimpenda. Naye, kama kawaida yake, baada ya muda akaanza kupokea simu kwa jina hilo jipya. Nilimkemea. Akaniambia akilipokea yeye, wao hawatakuwa na la kumrushia.

Mmoja wa waliobaki alikuwa yule mwalimu wa kompyuta. Alileta redio ya mama yake. Aliporudi kuichukua nilikuwepo, nimekaa pembeni nachambua mboga. Wifi alimkabidhi kifuko, na mwalimu akakifungua akahesabu bila kuambiwa. Alipomaliza wifi akamwambia asiondoke kwanza.

"Siku utakapoifungua tena ile mashine, usiamini rangi. Humu nyekundu ni hasi. Tulikuwa wawili tunaojua, mmoja hayupo."

Mwalimu aliweka redio chini. Alielewa upesi, niliona uso wake ukibadilika. Aliuliza kwa nini waya hizo zisibadilishwe sasa, ziwekwe kama inavyotakiwa, yaishe.

"Ndiyo kazi pekee ya mkono wake iliyobaki mle ndani," wifi alisema. "Vingine vyote nimevitoa mimi."

"Na mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile ilikuwa yake."

Mwalimu alichukua redio na kifuko, akafika mlangoni, akasimama chini ya ubao kana kwamba anausoma kwa mara ya kwanza. Jambo hilo alilitunza. Najua alilitunza, kwa sababu jina la Bi Kinyume liliendelea mpaka mwisho, wakati neno moja lake katika ofisi ya walimu lingelifuta.

Wifi alifunga karakana macho yalipokataa kabisa. Alirudisha kila chombo kilichokuwa ndani, kilichopona na ambacho hakikupona, kila kimoja na kifuko chake. Baada ya hapo alishinda na mimi kutwa, tukigombania redio na dirisha kama wifi wawili wanavyopaswa, mpaka moyo wake ulipochoka.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, mwalimu alinijia. Alikuwa amesikia kilichosemwa nyuma ya viti.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyeambiwa, na sasa nimebaki peke yangu. Nifanye nini?"

Nilimwambia hayuko peke yake; mimi nilijua kabla yake. Nikamwambia aendelee kuzilinda waya zile, na hayo mengine aniachie.

Nimelifikiri sana. Wifi yangu alinyamaza ili kaka yake asichekwe siku moja, akachekwa yeye miaka yake yote iliyobaki. Alikuwa na haki ya kunyamaza kwa ajili ya jina la kaka yake. Lakini jina lake yeye aliniachia mimi, na jina hilo ni la nyumba hii sawasawa na lile la shaba. Mume wangu hakukosea hesabu. Alikuwa na waya fupi na dada anayeaminika, akatumia vyote viwili. Kama yuko atakayemcheka kwa hilo, na acheke. Jina lake liko ukutani pale shuleni, na ni jina pana. Linaweza kubeba kipande kimoja cha waya.